Boriti ya Kushoto

Neno lake la kwanza asubuhi lilikuwa "bado," na la mwisho jioni lilikuwa "bado." Ukimuuliza kama gari limekwisha, bado. Kama ameanza, bado. Ukimuuliza kama amekula, alitoa kichwa kwenye shimo lililo chini ya gari, akakutazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipumbavu, akasema, "Bado," halafu akazama tena. Nimefanya kazi na makarani, madereva, wachuuzi wa miraa na wazee wa kanisa, na wote wamenichosha kwa njia zao. Lakini hakuna aliyeweza kunipandisha hasira kwa neno fupi namna ile.

Nitamwita Fundi, kama kila mtu alivyomwita. Jina lake nalijua. Nililitaja mara moja mahali ambapo sikupaswa kulitaja, na tangu siku hiyo naona sina haki nalo. Katika habari za ukoo wake pia siingii. Isiolo watu walikuwa na maneno yao juu ya wahunzi, nani anaweza kuoa kwao na nani hawezi, na mimi niliyesikia kwa mbali nayaacha nilikoyasikia.

Karakana yake ilikuwa Kiwanjani, upande wa uwanja wa ndege, ua uliozungushiwa mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Katikati alikuwa amechimba shimo. Gari likiwekwa juu yake, yeye alishuka humo, na kilichobaki kwako ni sauti tu. Nilimjua miaka sita kabla sijamiliki gari, tangu nilipokuwa karani nikimpelekea toroli na mageti ya ofisi, na nikifikiri vizuri, mazungumzo yetu mengi niliyafanya nimechuchumaa, nikizungumza na springi za magari ya watu.

Alikuwa na nyundo ndogo, kichwa chake hakikuzidi yai la kuku. Kabla ya kugusa kitu kingine chochote, aligonga chasi yote, kila baada ya vidole vinne, akasikiliza. "Chuma mzima najibu," alisema. "Chuma mgonjwa nakohoa." Akigonga, kila mtu uani alitakiwa kunyamaza. Na karakana ilikuwa kando ya uwanja wa ndege, jamani! Miaka ile ya vita vya shifta, waasi wa kaskazini, ndege za serikali zilitua na kuruka kutwa. Ikija ndege, Fundi alitoka shimoni, akajimiminia chai, akaketi juu ya tairi mpaka anga itulie. Kisha alianza kugonga upya, kutoka mwanzo.

Nakumbuka mfanyabiashara wa miraa kutoka Maua aliyekuja na gari lililopasuka nguzo ya mbele, magunia yakiwa nyuma.

"Fundi, miraa inakauka!"

"Kausha," sauti ilijibu.

"Mzee, hiyo ni chakula ya watoto yangu!"

"Watoto yako nakula miraa?"

Watu wakacheka, mwenye miraa naye akacheka bila kupenda. Gari lilikaa siku tatu. Miraa ilikauka. Mwaka uliofuata mtu yuleyule alimrudishia gari lingine, akalalamika tena, akangoja tena.

Hakupanda gari. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Mtu aliyejua chasi kuliko yeyote kati ya Nanyuki na Marsabit alikwenda sokoni kwa miguu, msikitini kwa miguu, na ukisimamisha gari kando yake kumpa lifti alikutazama kwa huruma. "Mimi nimeona matumbo yao," alisema, akaendelea kutembea. Alikuwa mtu wa swala tano, na kati ya swala mbili aliitukana bolti iliyogoma kwa Kiborana, Kisomali na Kiswahili, akanawa, akaenda kuswali, akarudi kuimalizia matusi yake pale alipoishia. Chakula alikula haraka, amesimama, kama anakimbizwa. Lakini kwenye chuma hakukimbizwa na mtu yeyote.

Tena alichukia rangi. Akimaliza kiungo alikipaka mafuta machafu ya injini tu, ili kionekane. Alisema anayepaka rangi ana kitu anaficha. Hakukubali uondoke kabla hujalala chali chini ya gari lako kutazama alichofanya. Mzee wa heshima, chifu, mwalimu, wote walilala mavumbini na kuhesabu ribiti, zile pini za chuma zinazoshika kiungo. "Hesabu," aliwaambia. "Ukitoka hapa usiseme hukuona." Nilikiona hicho kama kiburi kilichovaa nguo za kazi. Huenda kilikuwa kiburi. Lakini kazi nayo ilikuwepo.

Sasa nije kwangu. Niliacha ukarani kwa sababu niliona wenye magari wanavyotafutwa. Magari yote ya kwenda mbali yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, na maduka ya upande wa Oldonyiro yalikuwa yanalia unga. Mwenye gari la kupanda milima na kuvuka mchanga alikuwa mtu. Nilitaka kuwa mtu. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahama kwenda Nyeri aliniuzia landrova, imeoshwa mpaka inang'aa. Nilizunguka mara mbili, nikabonyeza milango, nikapiga honi. Bodi ya landrova ni aluminiamu. Haishiki kutu hata ukiitupa mtoni. Mimi mtu wa kidato cha nne nilijua hilo kitabuni, na hata hivyo nilinunua gari kwa kutazama bodi.

Niliiegesha nyumbani, mtaa wa Wabera. Asubuhi ya kwanza nilikuta mbuzi wa jirani chini yake, saba au wanane, wamebanana. Asubuhi ya pili pia. Jirani yangu, mama mmoja wa Kiborana aliyekuwa na ulimi mkali na moyo mwema, alikuja na fimbo kuwatoa.

"Karani, gari yako nalisha mbuzi yangu nini? Malishoni hawataki kwenda."

"Wanajua gari nzuri, Mama," nilimjibu.

"Haya. Basi wewe wakamue."

Nilisimulia mzaha huo mjini kote, kwamba gari langu hata mbuzi wameliridhia. Wiki mbili nilisimulia. Kisha mlango wa kulia ukaanza kukataa kufunga. Ukiusukuma unagonga chini, ukiuinua unagonga juu. Nikadhani bawaba. Nikaenda kwa Fundi anitengenezee bawaba, nikamwambia nina haraka.

Alishuka shimoni. Akagonga. Nilisikia mwenyewe jinsi sauti ilivyobadilika, kutoka mlio hadi kitu kama mtu anayepiga boga.

"Karani. Hapa nani amepiga msasa?"

"Hakuna aliyepiga msasa."

"Shuka."

Nilishuka. Chini ya zile boriti mbili ndefu zinazobeba gari zima palikuwa na madoa yaliyong'arishwa, laini, kama mgongo wa kijiko. Akakwangua kutu kidogo kwa ukucha, akaiweka kwenye ulimi. Akatema.

"Magadi," alisema. "Hii gari ilikuwa nabeba chumvi ya ng'ombe kutoka ile shimo ya Nyambene. Chumvi namwagika, naingia ndani ya boriti. Mvua nakuja. Sasa iko ndani, nakula." Akanigeukia. "Mbuzi walikuambia. Wiki mbili nalamba, wanakuambia. Wewe ulikuwa nangoja barua?"

Alichukua bisibisi, akaisukuma kwenye boriti ya kulia. Iliingia kama kwenye andazi. Akajaribu ya kushoto, nayo ikaingia.

Nikamwambia aweke viraka. Akasema hapana. Nikamwambia aweke viraka vinene. Akasema, "Mimi hapana weka chuma mzuri juu ya chuma mbaya. Nini atashika nini? Nakata, natoa, naweka ingine." Alikuwa na boriti za lori lililopinduka, alizokuwa amezihifadhi ukutani kama mtu anavyohifadhi mbao za kitanda. Angekata zangu zilizooza, aunge hizo kwa mshazari, achomelee, kisha apige ribiti juu yake. Kushoto kwanza, halafu kulia. Nikamuuliza siku ngapi. Mnajua alijibu nini.

Ilikuwa wiki tano kwa boriti moja. Wiki tano! Kabaidi ya kutengenezea gesi ilitoka Nanyuki, na siku zile kila gunia lilifunguliwa kwenye vizuizi. Kabaidi ikipata unyevu inanuka, na askari hapendi kitu kinachonuka asichokijua. Mara mbili ilizuiwa. Fundi hakufanya haraka kuliko gesi, na gesi ilipokuja hakufanya haraka kuliko masikio yake. Kafyu ilitufungia ndani jioni, kwa hiyo saa za kazi zilikuwa chache, na katika saa hizo chache zilitua ndege. Kila asubuhi nilitoka Wabera kwenda Kiwanjani kwa miguu, mimi mwenye gari, na watu wakinisalimu njiani, "Mwenye landrova, habari ya landrova?" Misafara miwili ikaondoka bila mimi. Wa pili niliutazama ukipita nikiwa nimeshika mfuko wa sukari wa mke wangu.

Boriti ya kushoto ilipokwisha, alinilaza chini yake. Ribiti ishirini na mbili. Nilizihesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, naye amechuchumaa pembeni, anafuata kwa midomo. Ilikuwa kazi nzuri. Hata katika hasira zangu niliona kwamba ni kazi nzuri, na sikumwambia.

"Na kulia?" niliuliza.

"Bado."

"Fundi, msafara wa Oldonyiro unaondoka Jumatatu. Nimepewa nafasi. Nikiikosa hii hawatanipa tena."

"Basi wasikupe."

"Upande mmoja umekwisha. Upande mmoja unatosha kwenda na kurudi mara moja tu."

"Mtu nakwenda na mguu moja?"

"Wengine wanakwenda!"

"Wanakwenda," alisema, "lakini hapana beba unga."

Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia kwamba anaringa kwa sababu hana mshindani, kwamba watu wenye akili wanafanya kazi kwa saa na si kwa masikio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashuka shimoni. Hilo pia lilinikera, kwamba hakujibu.

Siku ya Ijumaa, alipokwenda msikitini, niliingia uani na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, tukashusha gari kwenye mawe, tukalisukuma hadi barabarani. Shemeji naye alikuwa fundi wa namna yake. Mjini walimwita Dakika, kwa sababu hiyo ndiyo ahadi aliyowapa wote. Alichukua bati la pipa, akalizungusha kwenye boriti ya kulia iliyooza, akalikaza kwa bolti sita. Kisha akapaka lami. Akapaka pande zote mbili, ili zifanane. Ribiti ishirini na mbili za Fundi zikapotea chini ya lami, na Dakika akasimama akitabasamu, "Nani atajua ipi ni ipi?"

Hakuna aliyejua. Hilo ndilo lililokuja kuwa kiini cha mambo yote.

Jumatatu tuliondoka na msafara. Nilibeba magunia ya unga, na juu ya magunia mzee mmoja wa Kiturkana, mfanyabiashara wa ngozi, aliyenisihi nimpe nafasi. Baada ya saa tatu tulifika kwenye laga, mto wa mchanga, na magari ya mbele yalivuka. Langu lilipopanda ukingo wa pili nikasikia mlio kama mti mkavu unaovunjwa kwa goti. Kiti changu kikashuka. Gari likalala upande wa kulia, magunia yakamwagika, na mzee wa ngozi akawa chini ya magunia na chini ya ubavu wa gari. Mguu wake mmoja ulisagika. Baadaye, hospitalini, ulikatwa juu ya goti.

Tulipomtoa, kabla wakubwa hawajafika kutoka mbele, nililala mchangani nikatazama chini ya gari. Ilikuwa mchana mweupe. Bati la Dakika lilikuwa limechanika kama karatasi, na kutoka ndani ya boriti ya kulia ulimwagika unga mwekundu wa kutu. Ya kushoto ilikuwa imenyooka. Lami ilikuwa imepasuka kwenye kiungo, na niliziona ribiti, zote, hakuna hata moja iliyolegea. Sijui kwa nini nilizihesabu, lakini nilizihesabu.

Afisa wa msafara alikuja amekasirika, na alikuwa na sababu. Msafara uliosimama lagani ni shabaha. Hakutazama chini ya gari. Alitaka kujua kama mtu alitaka tusimame pale.

"Chasi hii nani alitengeneza?"

Nilikuwa na majibu mawili ya kweli. La kwanza, shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, aliyekuwa nyumbani kwangu akila chakula changu. La pili, mimi, niliyeiba gari langu mwenyewe kabla kazi haijaisha. Nikataja jina la Fundi.

"Alikwambia limekwisha?"

"Ndiyo," nikasema. "Alisema limekwisha."

Yeye. Mtu ambaye katika miaka yote niliyomjua hakuwahi kulitoa neno hilo mdomoni.

Walimchukua siku ileile. Alikuwa mtu wa kabila lililotazamwa kwa jicho baya wakati ule, fundi wa vyuma, mpokeaji wa magunia yanayonuka, na sasa kuna karani msomi aliyeapa juu yake. Alikaa ndani miezi saba. Gari lilivutwa na lori hadi kando ya laga, likaachwa hapo, na kabla ya mvua kurudi watu walikuwa wamelikata vipande wakatengeneza mapanga na majembe. Mimi nilihamia Meru, nikapata ukarani tena. Nilijiambia ni kwa ajili ya usalama wa familia. Nilijiambia mambo mengi.

Habari zake nilizipata kwa watu wa miraa. Ametoka. Hagusi tena chasi. Magari yakiletwa anayarudisha, hata yale ya watu aliowapenda. Anaziba masufuria, anatia mipini kwenye mapanga, anatengeneza birika. Shimo amelifukia. Wengine walisema amevunjwa roho huko ndani, wengine kwamba amezeeka. Nikasikia pia kwamba kila Ijumaa anampelekea yule mzee wa ngozi sukari na majani ya chai, na akimkuta sokoni anambebea mzigo. Nilisema, ni mtu wa dini. Nilifurahi hata, Mungu anisamehe. Niliona kama kuna mtu anayelipa kwa niaba yangu, na sikujiuliza kwa nini ni yeye.

Miaka mingi ilipita. Shemeji alikufa, kisha mke wangu. Baada ya mazishi ya mke wangu niligundua kwamba hakuna tena mtu ninayemlinda isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimechoka kujilinda. Nikapanda gari kwenda Isiolo.

Nilimkuta nyumbani kwake Kiwanjani, ameketi kwenye benchi barazani, amevaa kofia nyeupe, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Alinitambua kabla sijafungua lango.

"Salaam aleikum, Fundi," nilisema, ingawa mimi si Mwislamu.

"Aleikum salaam, Karani. Keti."

Mkewe alileta chai, akarudi ndani. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka Meru, maneno ya kanisani, yaliyopangwa vizuri. Sikupata nafasi ya kuyasema. Alisubiri tu niweke kikombe chini.

"Ilivunjika upande gani?"

Sikuelewa. Nilidhani uzee umemchanganya.

"Ile boriti," alisema. "Afisa aliniambia chasi yangu imevunjika, mtu amepoteza mguu. Nikamuuliza, upande gani? Akafikiri namchezea. Nikauliza wale askari, hapana jua. Nikatoka, gari imekwisha katwa. Walioona walisema wote mbili ni nyeusi, hapana jua ipi. Wewe ulikuwa pale. Upande gani?"

"Kulia," nilisema. "Nyuma ya kiti changu. Ile hukuigusa. Shemeji yangu alifunga bati, akapaka lami kote."

"Na kushoto?"

"Kushoto ilishika."

Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga, na nilisikia mchi ukienda na kurudi mara nyingi.

"Na ribiti?"

"Zote ishirini na mbili. Hakuna iliyolegea. Hata walipolivuta gari, boriti ile ndiyo iliyolibeba."

"Ulisikia, ama uliona na macho?"

"Niliona. Nililala chini nikahesabu."

"Lini?"

Hapo ndipo nilipotamani kudanganya mara ya mwisho.

"Kabla afisa hajafika," nilisema.

"Kabla."

"Ndiyo, Fundi. Kabla."

Aliinuka, akaenda hadi kwenye nguzo ya baraza, akarudi. Sikuwa nimewahi kumwona akimkasirikia mtu, hata siku nilipomtukana, na sikujua kwamba hasira yake ingekuwa na sauti ndogo hivyo.

"Mimi nilikufa hapo," alisema. "Si kule ndani. Kule ndani nilikula, niliswali, miezi ilikwisha. Nilikufa nyumbani. Kila nikishika nyundo najiuliza, je, kama ni ile yangu? Kama gesi ilikuwa na maji? Kama siku ile ndege ilipita na mimi hapana sikia vizuri? Mtu anakuja na gari, watoto wako ndani, mimi nitagusa na mkono gani? Nikafukia shimo. Na wewe ulikuwa Meru! Meru iko mbali? Basi iko kila saa! Ungetuma hata mtu wa miraa. 'Mwambie Fundi, kushoto ilishika.' Maneno mbili, Karani! Hiyo tu!"

"Niliogopa."

"Yule mzee wa ngozi amekufa mwaka jana. Amekufa akijua ni mimi nilimkata mguu, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia. Nilimwomba radhi. Alinisamehe kitu nilikuwa sijafanya. Yeye sasa utamwambia nini?"

Nikateremka kwenye benchi nipige magoti, kwa kuwa maneno yangu yote ya njiani yalikuwa yamekwisha. "Fundi, naomba—"

"Wacha! Hiyo baadaye." Alinivuta bega mpaka nikaketi tena. Kisha akageukia mlangoni na kuita kwa Kiborana. Mkewe akatoka akijifuta mikono kwenye leso.

"Sema tena," aliniambia Fundi. "Anza na kushoto."

Nikasema tena. Boriti ya kushoto ilishika, ya kulia ndiyo iliyovunjika, Fundi hakuigusa, na mimi nilidanganya. Mama alinisikiliza bila kukaa. Nilipofika kwenye ribiti alishika kinywa, akasema neno moja kwa lugha yao, na Fundi akalijibu kwa kichwa.

"Ulijua tangu siku hiyo?" mkewe aliniuliza.

"Nilijua, Mama."

Hakunitukana. Aliondoka, na nikadhani amekwenda kulia chumbani. Kumbe alikwenda langoni. Nilisikia akiita kwa sauti, na mchi wa jirani ukanyamaza. Akaja mwanamume mwenye duka la kona, mwana wao wa kwanza, unga wa sukari bado mikononi. Nikasema tena. Akaja jirani aliyekuwa anatwanga, na mumewe nyuma yake. Nikasema tena. Safari hiyo nilisema "nyuma ya kiti," na Fundi akanisahihisha kama mwalimu: "Nyuma ya kiti ya dereva. Kulia. Sema vizuri." Wakaja wazee wawili waliokuwa madereva wa misafara ile, mmoja wao akitembea kwa kushikwa mkono, na huyo ndiye aliyeniuliza maswali magumu kuliko wote, kwa sababu alikuwepo siku ile na kwa miaka yote alikuwa amewasimulia watu kwamba ni kazi ya Fundi iliyovunjika.

Nilimgeukia Fundi.

"Fundi, nimesema mbele ya watu wote hawa. Sasa nisamehe."

"Nimesikia," alisema, akatazama lango. "Lakini wako wengine hapana sikia. Kaa."

Nikakaa. Nilipoinua macho, viatu vya wasikilizaji kando ya baraza vilikuwa vimefika jozi tisa, na mkewe Fundi alikuwa anasukuma benchi nyingine hadi ukutani kuwapisha wengine.